Firimbi ya Kanyere na maua ya plastiki

Ni mimi njo nilikosesha mama Kanyere firimbi yake. Niseme ile mbele, juu kwetu ku Bulengera, mu Butembo, batu banasema ati bureau ya Beni njo iliiba, na ile haiko kweli yote. Bureau ilipokea. Mwenye alitoa ni mimi, Ananie, mutu wa myaka makumi tano na mbili, mwenye diplôme d'État yake iko ku ukuta ya salon, ndani ya vitre, watoto wasiiguse. Niliweka signature chini ya karatasi yenye sikusoma. Na niliweka nikicheka.

Bon. Niwaelezee.

Siye tuko na kikundi kidogo ya utamaduni, mu salle moja nyuma ya kanisa. Inaitwa Tusikilizane. Mimi njo responsable, ni kusema mimi njo ninafungua mulango, ninapanga mabanki, na ninaomba batu radhi. Kila siku ya posho, ni kusema samedi, soko ikiisha, batu banakuja: bamaçon, bamama ba soko, mwalimu, hata bibi ya pasteur, mwenye anasemaka ati anakuja kuangalia tu, na miguu yake inacheza yenyewe. Tunapiga eluma. Ni firimbi za bambu, ndefu na fupi, na kila moja iko na sauti moja tu. Mutu mumoja hawezi kupiga wimbo. Weye unapiga yako, jirani anapiga yake, wimbo inatembea kinywa kwa kinywa. Ukichelewa, bote banakuangalia kama vile umekula nyama ya bageni.

Ziko munane. Ile kubwa, yenye inalia chini kabisa, ni ya mama Kanyere. Anauzishaka bitunguu, na ni yeye njo anatufundisha kupiga. Bwana yake, marehemu Gracien, njo alizikata zote munane, siku moja, mu bambu ya shamba yao, kule upande ya Beni, fasi yenye hakuna mutu anarudi leo. Wakati balikimbia bauaji, bengine balibeba magodoro na sufuria. Kanyere alibeba firimbi munane mu kikwembe. Gracien alibaki kufungua mbuzi, akasema anakuja. Hakukuja.

Zamani eluma ilikuwa kitu ya banaume, na muzee mumoja wa kikundi alinung'unika. Kanyere akamuuliza: «Tata, uko na mwanaume mwenye anajua pumzi ya Gracien kunipita miye?» Muzee akasogea ku banki, akamupatia nafasi.

Sasa, mu mwezi wa tano, bureau moja ya serikali ku Beni, mu commune ya Bungulu, sitataja jina, yenyewe inajijua, ilitoa tangazo. Kutakuwa Siku Kubwa ya Utamaduni. Kila kikundi ilete dossier: barua, statuts, liste ya bamemba, na «spécimen ya chombo». Mutu mwenye akili angepeleka photo. Mais siye batu ya masomo, tukisikia dossier, kichwa inapotea. Tulifundishwa kama ukikosa karatasi moja, dossier yako inalala chini ya zingine mupaka Yesu arudi. Nikasema tutapeleka chombo yenyewe, na ile kubwa, baone heshima.

Kanyere aliifunga mu kikwembe. «Baba Ananie, uionyeshe tu. Usiiache.»

«Mama, nitaacha mukono yangu mbele.»

Mukono yangu ingali hapa. Ninaandika nayo.

Kule Bungulu, chef de bureau, Monsieur Aristote, mutu wa mbali, suruali yake na mustari kama kisu, alinipokea muzuri sana. Aliniita «Monsieur le Directeur». Hakuna mutu aliniitaka vile. Bibi yangu ananiitaka «weye». Akanipa kiti yenye muto. Akasukuma karatasi, akasema: «Signature hapa, Directeur, ni formalité tu.» Nikaangalia cachet, ule muhuri ya État: ya bleu, ya muviringo, wino haikutawanyika hata kidogo. Miye nikiona cachet ninasimama wima sawa mutoto wa primaire mbele ya drapeau. Nikasign. Firimbi ikabaki siku mbili, ati commission iione.

Siku mbili zikakuwa juma tatu. Simu yangu inalia kule, hakuna mwenye anapokea. Ku répétition, Katungu, mwalimu wa shule, wa mudomo mwepesi, alileta kipande ya tiyo ya plastiki, ile ya robinet. «Mama, jaribu hii kwanza.» Kanyere akapuliza mara moja, akamurudishia. «Miye siko fundi ya maji.» Tulicheka. Yeye hakucheka. Akaniambia: «Kesho tunaenda Beni, weye na miye.»

Tukaenda. Ku barrière askari akauliza: «Vieux, munaenda kufanya nini kule?» Nikasema tunaenda kuchukua firimbi. Akatuangalia, akaangalia barabara, akatuachilia. Nazani aliona tuko bagonjwa.

Secrétaire wa bureau, Ngalula, mwanamuke mwema mwenye balimutuma kutoka Kasaï, alituona tu akainamisha macho. Nikajua kuna kitu. Mulango ya chef ilikuwa wazi, na macho yangu haijuake adabu. Juu ya meza, kati ya drapeau kidogo na téléphone, firimbi ilikuwa imesimama. Baliipaka vernis, inangaa kama kiatu ya ndoa. Na mu kinywa yake, pale Gracien alikuwa anawekaka midomo, balitia maua. Maua ya plastiki. Ya rose.

Ile firimbi, chini imefungwa. Njo vile eluma iko. Kwa mutu mwenye hajui, ni vase kabisa.

Kanyere hakulia. Alinyoosha mukono atoe maua.

«Mama, usiguse mali ya État,» Monsieur Aristote akasema.

«État gani? Hii ni ya Gracien.»

«Gracien ni nani?»

«Bwana yangu.»

«Basi aandike, aeleze.»

Ngalula akakohoa. Kanyere akasema pole pole: «Haandikake tena.»

Nitasema kweli: chef hakujua. Mais hakuuliza pia. Akafungua tiroir, akatoa karatasi yangu. Juu, kwa maandishi kubwa, banaandika: procès-verbal ya zawadi. Kikundi Tusikilizane inatoa kwa bureau, bure na milele, chombo moja ya kiasili. Chini, signature yangu, na ule mukia nilijifunzaka mu secondaire ili benzangu baone wivu.

«Directeur wenu alitoa kwa roho safi,» akamwambia Kanyere.

Kanyere akanigeukia. Akaniangalia kutoka viatu mupaka kichwa. Afazali angenitukana.

«Chef, sikusoma hii karatasi.»

«Uko na diplôme?»

«Niko nayo.»

«Sasa?»

Nikamwelezea kama zile munane zilikatwa pamoja, zinasikilizana, ingine haiwezi kuingia. Akasema kwetu bambu imejaa, tukate. Nikamwambia shamba iko wapi, na nani anatembea kule na panga. Akafunga tiroir. «Muandike demande. Kwa voie hiérarchique.»

Tukaandika. Ya kwanza ilirudi: haina objet, ule mustari ya juu wa kusema barua ni ya nini. Ya pili ilirudi: inakosa copie. Ya tatu hawakurudisha, balipiga tu cachet «imepokelewa» ku copie yangu. Ile cachet ya bleu, ya muviringo. Miye mutu wa michezo, batu bananijua, hata ku kilio ninachekesha batu. Ile siku nilipasua ile copie mbele ya bibi yangu, na akasema tu: «Ulichelewa.» Juu niwaulize: mutu anakulia mu hii inchi, anakimbia na firimbi wakati bengine banakimbia na chakula, anafundisha batu bure myaka tano, alafu mwenye kulipwa mushahara kwa kulinda utamaduni anaitia maua? Na bananitaka miye nitafute objet!

Siku Kubwa ilifika, na kwa bahati yetu, ao kwa ubaya yetu, baliifanyia kwetu Butembo, mu uwanja ya Bulengera. Batu balijaa. Juu ya tribune, banderole: TULINDE UTAMADUNI WETU. Chini yake meza ya bakubwa, kitambaa nyeupe, maji ya chupa. Ngalula alikuja asubui na carton ya mapambo, akapanga meza bila kutuangalia. Katikati, mbele ya kiti ya chef, akasimamisha ile firimbi na maua yake.

Katungu akanishika kanzu. «Tata Ananie, unaona?»

«Nilianza kuona mbele yako.»

Monsieur Aristote akatoa discours. «Utamaduni,» akasema, «ni pumzi ya taifa.» Akapigiwa mikono. Kila mara akipiga meza, maua inatikisika.

Alafu balituita. Tukasimama munane. Kanyere fasi yake ya siku zote, mwisho, upande ya kushoto. Nilimwambia abaki chini, apumuzike. Akasema: «Nibaki chini juu ya nini? Ni miye nilitoa?»

Tukaanza. Moja, mbili, tatu, wimbo ikatembea muzuri, ya inne, ya tano, ya sita, ya saba, na pale ya munane inapashwa kulia, Kanyere akaweka mikono mbele ya midomo kama vile anaishika, akapuliza. Hakuna kitu. Pumzi tu. Tukarudia ku mwanzo. Tena, pale pale, hakuna kitu. Batu ya Bulengera banajua ule wimbo. Kila mara ikifika pale, uwanja muzima inainama mbele, sawa mutu mwenye alikanyaga fasi yenye ngazi inakosa. Mama mumoja mu batu akaanza kuimba ile sauti na kinywa, akanyamaza, juu haikutosha.

Mu mara ya tano niliwacha firimbi yangu chini. Nikaenda ku micro. Hakukuwa kitu ya kuchekesha mu kinywa yangu, hata moja.

«Chef,» nikasema, «miye njo nilisign, miye njo mujinga, andika hata ile mu procès-verbal. Mais wimbo iko na shimo, na kitu ya kuiziba iko mbele yako, urefu wa mukono. Ondoa maua. Mupe mama firimbi yake apige mara moja mbele ya hawa batu, alafu mutanifunga mukitaka.»

Monsieur Aristote aliangalia saa. Ngalula aliangalia maua. Askari wa tribune akaangalia chef, na chef akafungua chupa ya maji pole pole, akamimina mu verre. Kanyere alikuwa amesimama bado, mikono mbele ya midomo, katikati hakuna kitu.

«Chef,» nikasema tena, «ondoa maua.»