Kiatu cha Kapteni

Mbio za farasi za kushindanisha mitaa ya mji wetu wa Siena zilikuwa jioni ile, na Gavino, mpandaji wetu, aliapa hapandi mpaka Kapteni Ranieri, mkuu wa mtaa, amwombe radhi kwa kumsingizia kuwa amehongwa na mtaa jirani.

Tukampeleka farasi kanisani kubarikiwa, hao wawili wamenuniana. Padri alipomaliza tu kumwambia farasi, “Nenda, urudi mshindi,” farasi akainua mkia akamwaga mavi kwenye kiatu kipya cha Kapteni. Kanisa likalipuka kwa vifijo, maana kwetu hakuna bahati inayoizidi hiyo.

Kapteni akatoa leso.

“We mzee, usifute!” Gavino akaropoka. “Unatupotezea bahati yetu!”

“Yetu?”

“Yetu, ndiyo! Ila radhi bado naidai.”

“Nisamehe, mwanangu,” akasema Kapteni, akicheka hadi machozi. “Sasa panda!”

Akaongoza msafara kiatu kikiwa vilevile, hakijafutwa, watu wakimpisha njia.