Vileja vya Eda

Zainab aliamka na nia moja tu: leo Mabruki amrejee. Hakuamka ili alie wala aombe. Kuomba alikwisha kuomba, na kulia alikwisha kulia mpaka mama mkwe wake akamwambia, "Mwanangu, basi, macho si kisima." Akashika njia ya jikoni, akatoa unga wa mchele, sukari, mayai na kopo la samli, akaanza kutwanga hiliki ya vileja.

Mabruki alimpa talaka moja. Kisa chenyewe ungekisikia ungecheka, ikiwa si wewe uliyeachwa. Aqil, kaka yake Zainab, alimwambia Mabruki karamuni, mbele za watu, mikono ikiwa kwenye sinia la pilau, kwamba mwanamume asiyejua kumeza hasira ni mtoto mwenye ndevu. Watu wakacheka. Mabruki naye akacheka, akarudi nyumbani mtaa wa Jamhuri, na kwa kuwa Aqil hakuwa mke wake wa kuachika, akamwacha Zainab. Ulimi hauna mfupa. Asubuhi yake kila mtu aliona kwamba amejuta, lakini kujuta ni jambo moja, na kufungua kinywa kusema "nimekurejea" ni jambo jingine.

Basi Zainab akakaa eda katika nyumba ile ile, kama inavyotakiwa, akilala chumbani kwa mama mkwe, naye Mabruki akahamia chumba cha nje. Neno moja la mume ndani ya eda lingemrudisha, bila harusi wala mahari. Eda ikikatika, anayemtaka mkewe huanza upya kama mgeni, akaende kuposa kwa ndugu za mke, na anayemwoza Zainab ni Aqil. Na eda ya mwanamke kama Zainab haihesabiwi na kalenda ya ukutani, huhesabiwa na mwili wake. Damu yake ya mwezi ikimjia mara ya tatu tangu aachwe, eda imekwisha. Yeye ndiye ajuaye, na yeye ndiye anayeaminiwa. Ilikwisha kumjia mara mbili, na tangu jana kiuno kilikuwa kikimuuma.

"Si umwambie tu?" alisema Namalwa, jirani wa mlango wa pili, ambaye Zainab humwita Mama Sammy. Alikuwa ameingia na oveni yake ndogo ya umeme kiunoni kama mtoto, maana ya Zainab ilikuwa imekufa, na Mabruki aliahidi kuitengeneza hadi eda ikaikuta hapo hapo ilipofia. "Umwambie, wewe Mabruki, sema hiyo neno tumalize hii maneno."

"Mama Sammy, neno la kuombwa si neno."

"Na la kupikiwa?"

Zainab akacheka, na kucheka kukamshangaza mwenyewe.

Ilikuwa Julai, na baridi ya Nairobi ilikuwa imeigandisha samli ikawa kama sabuni. Wakaliweka kopo ndani ya maji moto. Zainab akaikoroga samli na sukari mpaka ikawa nyeupe, akatia mayai, hiliki na maji ya mawaridi, kisha unga kidogo kidogo. Unga wa mchele hauna mnato, ukiuharakisha unapasuka mikononi. Akafinyanga vidonge, akavibonyeza, akavitia nakshi pembeni kwa koleo ndogo ya mamake. Namalwa naye akajaribu. Vyake vikatoka kila kimoja na sura yake.

"Hizi zangu tutasema ni za kwetu, za Kibukusu," alisema.

Trei ya kwanza ikaingia, na nyumba nzima ikanukia. Mama mkwe akaita kutoka chumbani akiuliza kama ni Idi. Zainab alijisikia mwepesi. Alikuwa akimwona Mabruki akiingia, akinusa, akikaa pale alipozoea. Mume huyu alimpenda, hilo hakuwahi kulitilia shaka, na yeye alimpenda zaidi ya ilivyokuwa na faida kwake. Shibe mwana malevya, alijiambia, leo nitamlevya aseme.

Trei ya pili ilikuwa ndani, na sukari ya kashata imeanza kuchemka, alipohisi tumbo likimkata. Akapunguza moto, akaenda bafuni.

Alikaa huko mpaka Namalwa akagonga.

"Zainab? Nimetoa hizo kitu, zilikuwa zinaanza kuungua."

Akafungua. Namalwa akamtazama usoni mara moja, akaelewa, maana mambo yote ya eda alikwisha kuelezwa huku wakifinyanga.

"Imekuja?"

"Imekuja."

Wakarudi jikoni. Namalwa akavuta mlango, akateremsha sauti. "Sasa nani anajua? Ni wewe na hiyo bafu. Jioni anasema neno, wewe unanyamaza, kesho unajifanya ndio imeanza."

"Na Mungu?"

"Mungu ameona vile umeteseka."

Moyo wa Zainab ulikuwa umeshakubali, na hilo ndilo lililomtisha. Akamimina nazi ndani ya sukari, akakoroga mpaka mkono ukamuuma, akamwaga kashata kwenye sinia, akaikata kabla haijakauka. Namalwa akaenda kwake kuanua nguo, akiiacha oveni ipoe.

Mabruki alirudi baada ya alasiri kutoka River Road, ambako kazi yake ni kuchapa kadi za harusi za watu. Akakaa sebuleni karibu na mamake. Zainab akaleta chai na sahani. Mabruki akala kileja cha kwanza. Akala cha pili. Akachukua kimoja cha Namalwa, akakigeuza, akatabasamu.

"Hiki kimepikwa na nani, kipofu?"

"Jirani yako."

Akala kashata. Kisha akafuta vidole, akatazama zulia, akasema kama mtu anayeagiza sukari zaidi, "Zena, nimekurejea. Mama, wewe shahidi."

"Alhamdulillahi," akasema mamake, akafunika uso kwa mikono.

Lo, neno lilikuwa tamu. Zainab aliliacha likae kifuani mwake, na kwa muda ule alikuwa mke wa mtu. Alijua kwamba akifunga mdomo tu, atalala chumbani kwake usiku huo. Alijua pia kwamba kila usiku baada ya huo atalala karibu na mwanamume asiye mumewe, naye mwenyewe hajui.

"Umechelewa, Mabruki," alisema. "Imekatika leo adhuhuri."

Mama mkwe akashusha mikono. "Si neno, wanangu. Talaka ni moja tu. Kesho twende kwa Aqil tukapose. Mahari hata msahafu unatosha."

"Kwa Aqil siendi," alisema Mabruki.

"Baba, ni siku moja ya kuinama."

"Mama, kwa Aqil siendi. Anicheke tena?"

Zainab alimtazama. Alikuwa akingoja ageuke, aseme anahitaji muda, aseme angalau kwamba atatuma mtu. Mabruki akamgeukia kweli, na macho yake yalikuwa na huzuni ya kweli, hilo Zainab hakumnyima.

"Si ungenyamaza, Zena," alisema taratibu.

"Tungeishi katika zinaa, nawe usijue."

"Ndiyo. Nisingejua."

Akainuka kwenda msikitini, akachukua kileja kingine cha njiani. Mamake akamwita jina lake mara mbili, hakurudi.

Zainab akakusanya vikombe, akavipeleka jikoni. Hakuwa na hasira naye. Angekuwa nayo ingemsaidia kusimama. Alichokuwa nacho ni maumivu matupu: alimpenda mtu aliyemtaka kwa bei ya neno moja, si zaidi.

Namalwa akabisha mlango wa nyuma, amekuja kuchukua oveni.

"Amesema?"

"Amesema," alijibu Zainab, na hapo ndipo kilio kilipomshinda.

Namalwa akamkumbatia, akamtikisa kwa furaha, akampigapiga mgongoni. "Si nilikwambia? Lia, mama, lia, ni furaha hiyo." Na Zainab akamwacha ampongeze, maana sauti ya kumweleza ilikuwa haijapatikana.