Pete ya Bibi Zaira

Mama aliponiomba nimpigie chapa daftari lake la vita, nilikubali kwa moyo mweupe, maana nilidhani ninayajua yote yaliyomo. Nani asiyeyajua hapa mjini kwetu Roncagna? Mwaka 1944 Mafashisti walipomkamata baba yangu Learco, fundi viatu, walimtuma mtu nyumbani: toeni dhahabu, tutamwachia. Mama akamfungia mjumbe mlango. Kesho yake baba akapigwa risasi nyuma ya kinu cha kusagia unga.

Miaka arobaini watu wamesimulia mlango ule. Mimi ni mwalimu, na kila mwaka wanafunzi wangu wameuchora kwa penseli za rangi, na mama amesimama mbele yake kama malaika aliyekasirika. Sasa, tarehe 25 Aprili 1985, sikukuu ya Ukombozi, manispaa ilikuwa inamwekea kibao cha marumaru uwanjani: Argia, mwanamke aliyekataa kuwapa wauaji dhahabu. Mimi nilichaguliwa kusoma kumbukumbu zake mbele ya watu.

Siku tatu kabla ya sherehe nilifika ukurasa wa thelathini na moja.

“Siku niliyofurahi kuliko zote maishani,” mama aliandika, “si ya harusi, wala si siku aliyozaliwa binti yangu Nives, Mungu anisamehe. Ni ile ya Desemba 1935, siku tulipotoa pete.”

Nikafuta miwani, nikasoma tena. Maneno yalikuwa yale yale.

Habari za pete kila mtu anazijua. Wanawake waliitwa kumpa Mkuu wa Mafashisti kule Roma pete zao za ndoa zisaidie vita vya Uhabeshi, nao wakapewa pete za chuma badala yake. Walio werevu walinunua kipete cha shaba mnadani wakatoa hicho, ile ya kweli wakaificha. Baba, ambaye Mafashisti wa mashati meusi walishamnywesha mafuta ya mbarika mpaka akajichafua mbele ya kanisa, alimnunulia mama kipete cha namna hiyo. Ya kweli ilikuwa ya mama mzazi wa baba, Bibi Zaira. Hiyo ilipaswa kukaa nyuma ya tofali jikoni.

“Nilikuwa nazo zote mbili,” daftari liliendelea, “ya dhahabu kidoleni, ya shaba mfukoni. Nilitoka nyumbani nikimcheka Mkuu na kidevu chake. Uwanjani bendi ilikuwa inapiga, askofu ameinua mkono kubariki, na wanawake ambao hawajawahi kuniitikia salamu, mke wa daktari na mke wa mwenye mashamba, wakanishika mikono, huyu huku, huyu huku. Nikalia. Sikujua ninalilia nini. Nikaona haya kuutia uongo ndani ya chungu kile cha kukusanyia pete, nikavua ya Bibi Zaira. Nilijiona mwepesi, tena mkubwa, mkubwa kama mji mzima. Wahabeshi sikuwafikiria hata kidogo. Learco nilimwambia nimetoa ile ya mnadani, na nyuma ya tofali nikaificha hiyo hiyo ya mnadani, nimeifunga kitambaa. Miaka tisa baadaye mjumbe akaniletea maneno ya Learco: toa pete ya mama. Mkononi nilikuwa na shaba tupu. Nikafunga mlango asinione uso.”

Nilishuka jikoni na daftari mkononi. Mama alikuwa anasukuma unga wa tambi, mikono yote myeupe.

“Mama, hii ni nini?”

“Macho unayo, miwani unayo, kusoma umesomea. Unaniuliza mimi?”

“Ukurasa huu hausomwi.”

“Basi usisome chochote. Waambie mama ana mafua.”

“Baba alikufa akiamini pete ipo!”

Mti wa kusukumia ukasimama. “Najua alichokufa akiamini, Nives. Nilimwaminisha mimi.”

Nikakaa. Nilitaka kumpigia kelele, nilitaka kumkumbatia, na sikufanya hata moja.

“Basi andika kwamba ulidanganywa,” nikamwambia. “Ulikuwa na miaka ishirini, mama. Kila mtu alidanganywa.”

“Nani alidanganywa? Baba yako alinieleza mchana na usiku, hata punda angeelewa. Nilijua. Nikajua, na bado nikatoa. Hilo ndilo ninalotaka mtu anifafanulie, na wewe mwalimu mzima naona unanikodolea macho tu.”

“Kwa hiyo uliwapenda?”

“Nilikuwa nawachukia jana yake, na kesho yake nikawachukia tena. Ile saa moja tu.” Akaugeuza unga, akaupiga. “Ilikuwa tamu, mwanangu. Nyie mnaandika vitabu kana kwamba ilikuwa chungu tangu mwanzo. Ingekuwa chungu, nani angeila?”

Nilipanda juu nikapiga chapa kurasa zote. Ule wa thelathini na moja niliuchapa peke yake, nikaukunja, nikautia kwenye mkoba. Msiniulize kwa nini sikuuchana, wala kwa nini sikuuweka na kurasa nyingine. Nilimkasirikia mama, na kila nikimkasirikia nilimwona msichana wa miaka ishirini ameshikwa mikono na mke wa daktari, amefurahi, nikashindwa kujua nimfanye nini.

Siku ya sherehe uwanja ulijaa. Ni uwanja ule ule. Tunao mmoja tu. Mama aliketi mstari wa mbele na koti lake la kanisani. Meya Gualtiero akasema machache, maana yake mengi, kisha bendi ikaanza. Watu wakaimba. Mtu akapaza sauti, “Argia!” na uwanja mzima ukaitikia, “Argia! Argia!” Jirani yangu Iride, ambaye tumenuniana miaka miwili kwa sababu ya mti wake wa tini, akaja akanishika mkono analia. Nami nikalia. Kifua kilinijaa, nikawapenda wote, hata Iride, hata meya. Wangeniomba chochote wakati ule, ningewapa.

Nikamtazama mama. Hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa anatazama mikono yangu.

Nikaitazama na mimi. Nilikuwa nimeisukuma pete yangu ya ndoa mpaka kwenye kiungo cha kidole, na sikumbuki nilianza saa ngapi.

“Tamu?” mama akaniuliza, kwa midomo tu.

Nikatikisa kichwa kukubali. Niliogopa vibaya sana. Nikairudisha pete mahali pake, nikafungua mkoba.

“Nives,” meya akaninong’oneza alipoona karatasi iliyokunjwa, “hiyo haimo kwenye ratiba.”

Nikasogea kwenye kipaza sauti. Nikaanza: “Siku niliyofurahi kuliko zote maishani…”

Watu wakapiga makofi kabla sijamaliza sentensi. Walidhani ni siku ya Ukombozi.