Ukunga au Ng'ombe

Nyirabahire alipewa mpaka Ijumaa achague. Kituo cha parokia pale Hombo kilikuwa kinaandikisha watu wazima walioachia shule njiani, na kila mmoja aliruhusiwa fani moja tu: ukunga, ushonaji au uganga wa mifugo. Yeye aliachia mwaka wa nne wa sekondari, akaolewa na Sebagabo huko milimani Masisi. Sasa binti yao mkubwa, Natacha, alikuwa amempita kimo. Bahati ya namna hii haibishi hodi mara mbili.

Sebagabo alikuwa amekwisha kumchagulia: mifugo. Ng'ombe wao walichukuliwa wote siku waliyokimbia vita, hata Gaju, yule mwekundu wa mahari. Lakini Sebagabo aliwataja kana kwamba wamekwenda malishoni tu. Kila Jumapili, baada ya misa, alikishusha chombo cha mti cha kukamulia, ambacho kwao huitwa icyansi, akakisafisha, akakifukiza kwa moshi wa nyasi, kisha akakirudisha darini. Chombo hicho hakitiwi kitu kingine ila maziwa. Hata kikikaa mwaka mzima kitupu, hakitiwi.

Mama Kasoki, mwanamke wa Butembo ambaye Nyirabahire alimsaidia dukani, hakuwa na subira na mambo hayo.

"Veterineri ya nini, dada?" alisema huku akikata mche wa sabuni. "Huku ng'ombe inaonekana mu sahani tu. Utapima kuku presha?"

Wakacheka wote wawili. Kisha Kasoki akaweka kisu chini, akamuuliza kama amemsahau Annonciata.

Angemsahau vipi? Annonciata alikuwa jirani yao katika mahema ya wakimbizi. Alijifungua salama mchana wa mvua, halafu damu ikakataa kukatika. Wanawake walijaa hemani, wote wazazi, wote wajuzi wa kusali na kuchemsha maji. Nyirabahire alimshika mkono mpaka ukapoa. Mtoto alipelekwa kwa shangazi yake huko Omate, kwenye machimbo, na hakuna aliyeleta habari zake tena.

Alhamisi alimweleza mumewe. Alisema polepole, akimkumbusha Annonciata, akimkumbusha kwamba pale walipo hakuna hata ndama wa kufundishiwa. Sebagabo alisikiliza mpaka mwisho.

"Ukisoma ukunga," alisema, "njo umesema hatutarudia kwetu Masisi."

"Sijasema vile, Papa Natacha. Nasema leo tuko huku."

"Iko maneno moja."

Moyoni Nyirabahire alijua ni kweli. Tangu mvua zilizopita alikuwa ameacha kuota milima. Hakuwahi kumwambia mtu.

Ijumaa alisimama mbele ya Papa Léopold, mwandikishaji, akasema ukunga. Neno lilitoka upesi, kabla hajapata nafasi ya kulirudisha. Alipofika nyumbani alimwambia mumewe naye akaitika kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa habari za msiba aliokuwa akiungoja. Jumapili walikwenda misa. Waliporudi, Sebagabo aliketi kizingitini mpaka jua likazama. Icyansi ilibaki darini.

Jumatatu, siku ya kwanza ya masomo, Sebagabo aliamka kabla ya mkewe akamfungashia chakula, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu waoane. Kilikuwa kimefungwa vizuri kwa kitenge. Nyirabahire alitembea nacho kifuani akifikiri labda amesamehewa.

Wakati wa mapumziko alifungua fundo. Ndani ya kitenge ilikuwa icyansi, imejaa maharage ya mawese.

Wenzake walikuwa wanakula na kutaniana. Mmoja alimwambia amepata bwana wa maana, anayempikia mke. Nyirabahire alitabasamu. Mafuta yalikuwa yamekwisha kuingia kwenye mti, na mti ule ukinywa mafuta haurudi tena kuwa wa maziwa. Sebagabo alilijua hilo kuliko yeye. Nyirabahire alikula yote, maana chakula hakitupwi, akarudi darasani, na mchana huo wakafundishwa namna ya kuzuia damu.

Jioni aliiweka icyansi karibu na jiko. Sebagabo aliitazama mara moja, akageukia mlango. Natacha akaichukua, akaiosha pamoja na sufuria.