Siku Niliyoutoa Mji wa Masii

Mjukuu wangu Kamene hakohoi. Basi chupa tupu za dawa ya kikohozi chini ya kitanda ni za nani? Chumba chetu hapa Pipeline, Nairobi, ni kimoja. Mtu akikohoa, hata jirani anajua. Niliendelea kuchambua ndengu.

Jumapili, baada ya kanisa, akaja Tiffany, mwenzake wa kiwandani. Kamene alikuwa kitandani, macho yanacheza. Walidhani masikio yangu yamezeeka pamoja na magoti.

"Ya chupa inakufanya uelee tu," Tiffany alinong'ona. "Hii unga, keta, ndiyo inakutoa kwa mwili kabisa."

"Na zikikutana?"

"Si ni ndugu? Zitaelewana."

Tiffany akafungua karatasi ya chingamu yenye unga. Nikaweka ungo wa ndengu chini.

"Kitendawili!"

"Tega, Susu." Kamene hajawahi kumkatalia Susu, bibi yake, tangu utotoni, ila leo ulimi ulikuwa mzito.

"Nyumba ina dawa ya kikohozi, haina kikohozi."

Tiffany, ambaye bibi kwake ni Cucu, akacheka. "Cucu, hiyo ni noma. Tukupe mji?"

"La. Leo mtegaji ndiye asiyejua. Mji natoa mimi. Chukueni Masii."

Kamene akashtuka. Nimewahi kumpa Mombasa, nimempa Nairobi nzima, lakini Masii nilikozaliwa, alikozikwa mama yake, sijawahi kuutoa. Na aliyepewa mji sharti aseme jibu.

"Ni mimi, Susu. Hata leo nimekunywa. Nikiinywa, zile mashine zinanyamaza kichwani."

"Na hiyo karatasi?"

"Ni keta tu, Cucu, ketamini ya usingizi," Tiffany akadakia. "Hata hosi wanadunga watu."

"Hospitali kuna mtu amekaa kando anachunga pumzi yako. Hapa nani anachunga? Ndugu wawili wakimvuta mtu upande mmoja, si kuelewana huko. Wanamwangusha."

Kamene akajaribu kusimama, miguu ikakataa. Akatapika. Nikamlaza ubavu. Tiffany alikuwa ameshakunja karatasi, anaangalia mlango.

"Ukitoroka, nani atamwambia daktari amekunywa nini?"

Akasimama pale, ananitazama kana kwamba namtegea mtego. Kisha akamwaga unga wake kwenye ndoo ya maji machafu, akaokota chupa moja tupu ya kumwonyesha daktari, akampa Kamene bega twende hospitali.

"Nusu ya Masii ni yangu, Susu?" Tiffany akauliza, mara ya kwanza akiniita kama Kamene.

"Shuka ngazi kwanza."