Mgonjwa wa Mazoezi

La, sikucheka. Ningechekaje na mto umeshafika kwenye vibanda vya sokoni? Kucheka nilikuja kucheka baadaye, bibi yenu akanitupia jicho, nikakimeza kicheko changu.

Sisi mtaani kwetu tulikuwa na mazoezi ya mafuriko. Mvua kubwa zikikaribia tu, kamati inatuita. Mimi nagonga rimu la gari, wanaume wanne wanabeba mgonjwa juu ya mlango wa mbao mpaka shuleni, kule mlimani. Mgonjwa ni bibi yenu. Kila mwaka yeye. Anajua kulia huyo! Wapangaji wapya walikuwa wanakuja kunipa pole.

Basi siku yenyewe ikaja, asubuhi, watu hata chai hawajanywa. Nikaligonga rimu kama nina ugomvi nalo. Watu wakatoka, huyu na godoro, yule na kuku, mwingine kakumbatia saa ya ukutani, sijui alikuwa anachelewa wapi. Mara nawaona wabebaji wetu, mwashi mbele, wanapanda mbio. Juu ya mlango, mke wangu.

Roho nusura initoke. Nikatupa nyundo, nikawakimbilia. "Mama watoto, umeumia wapi?"

"Sijaumia popote! Waambie hawa majuha wanishushe! Fundi baiskeli yuko kitandani na plasta yake, maji yanamwingilia!"

Mwashi anahema, wala hasimami. "Mzee, shemeji leo kazidisha. Kaning'ata mkono!"

"Na sikio nitaling'ata!"

Jamani! Rimu likilia, miguu yao imezoea kwangu, wakaenda kwangu. Na fundi baiskeli, aliyevunjika mguu juzijuzi tu, anaishi peke yake nyuma ya nyumba yetu, upande wa mto.

Bibi yenu akajirusha chini, akajifunga nguo kiunoni. "Nyuma, geuka!" Tukashuka naye. Njiani maji ya magoti, kwa fundi ya kiuno. Tukamkuta kakaa juu ya meza, mguu kauvalisha mfuko wa nailoni, na maji yanagusa meza.

"Nilisikia mnambeba mtu, analia kweli kweli," akasema. "Nikasema huyo kanizidi, acha nisubiri."

"Panda hapa, mjinga wewe," bibi yenu akamwambia, akiusogeza mlango karibu na meza.

Shuleni wali na maharage vilishaiva, watu njaa inawauma, lakini mwoka mikate kaukalia mfuniko wa sufuria. "Hatujatimia," anasema. "Hapaliwi hapa." Alipotuona getini na fundi wetu, akainuka, akashika upawa.

Tukamwegemeza fundi ukutani, mguu juu ya godoro la watu. Mwashi akaenda kukaa kule mwisho.

"Sogea hapa shemeji," bibi yenu akamwita. "Sasa nang'ata wali tu."

Akasogea, kidogo kidogo. Tukanawa mikono, tukakaa wote, tukala.