Umesahau Nywele?

Tangazo lilibandikwa asubuhi kwenye mlango wa ofisi ya kiwanda cha magodoro, juu ya kitasa, na gundi yake ilikuwa bado mbichi. Lilitoka kwa shemeji wa mkurugenzi, msimamizi wa programu mpya ya kompyuta ya kampuni, ile iliyo mawinguni mwa mtandao. Shemeji alikusudia kuandika kwamba kila mfanyakazi abadilishe nywila, lile neno la siri la kuingilia kwenye kompyuta. Kidole kikateleza. Tangazo likasema kila mfanyakazi abadilishe nywele, ziwe ngumu kukisiwa, zichanganye herufi na namba, na zisifanane na za zamani. Ambaye mfumo utakuwa haujamtambua kufikia Ijumaa, kazi hana.

Watu wakasoma, wakavuka barabara kwenda saluni. Dada wa mauzo alisukwa mistari iliyoishia na alama ya kuuliza kisogoni. Fundi cherehani alinyolewa namba saba ubavuni. Waliporudi waliinamisha vichwa mbele ya kompyuta, nayo ikawafungulia. Aliyekataliwa ni mpishi wa chai tu, kwa kuiga msuko wa mwenzake.

Mtunza stoo alikuwa na kipara tangu ujana. Aliinama, kompyuta ikaandika: "Hujajaza chochote."

"Jaribu tena, Kipara," alisema dada wa mauzo. "Labda umekosea herufi."

"Herufi gani, dada? Hapa hata nukta hakuna."

Alitania, huku akihesabu siku zilizobaki kufika Ijumaa. Alikaa na mama yake, mzee asiyejiweza, kwenye nyumba ya kampuni nyuma ya stoo. Kazi ikienda, na nyumba inakwenda. Akamfuata shemeji.

"Bonyeza pale chini," shemeji alisema, macho kwenye simu. "Pameandikwa 'Umesahau nywele?'"

"Sijazisahau, bosi. Nazikumbuka sana."

"We bonyeza tu."

Akabonyeza. Nywele za muda zikaota juu ya sikio la kushoto, laini kama za mtoto mchanga, zikapukutika kabla hajamaliza kuinama. Alipobonyeza tena, mfumo ulimwambia amejaribu mno, apumzike.

"Baba yako naye alikuwa hivyo hivyo," mama yake alimwambia jioni. "Ila enzi zake milango ilifunguliwa kwa ufunguo."

Kesho yake shemeji alikuja na mfuko wa mawigi. Aliyaonyesha kwa kamera moja moja, na kompyuta ikayapokea kwa vyeo: karibu meneja msaidizi, karibu mshauri wa usingizi, karibu mkaguzi mkuu. Yalikuwa ya ndugu wa mkurugenzi, walioajiriwa hapo muda mrefu bila yeyote kuwahi kuwaona. Shemeji akayaketisha kwenye viti vyao, akaenda zake. Wafanyakazi wakayasalimia, wakaendelea na kazi.

"Afadhali tumewajua kwa sura," alisema fundi cherehani.

Ijumaa mchana jina la mtunza stoo lilianza kufifia kwenye kioo cha kompyuta. Nje lori lilisubiri magodoro, na stoo, ambayo kufuli lake sasa lilisikiliza kompyuta, haikufunguka. Dada wa mauzo akanyanyua wigi la mkaguzi mkuu, ambaye ni shangazi wa mkurugenzi, akamvisha mtunza stoo.

"Limekupendeza, mama."

"Linawasha."

"Vumilia. Hicho ni cheo."

Kompyuta ikamkaribisha mkaguzi mkuu, na stoo ikafunguka. Papo hapo mtunza stoo akafutwa kazi kwa utoro, godoro likiwa begani mwake.

Mkurugenzi alipopita alimkuta shangazi yake, mwenye ndevu, akipakia lori.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

Mkurugenzi alimvuta shemeji pembeni, akamwonya kwamba jambo hilo lisiwe mazoea. Ndugu mmoja akionekana anafanya kazi, wengine nao watasumbuliwa. Kisha akarudi kwa upole.

"Shangazi, usihangaike na pa kulala. Nyumba ya nyuma ya stoo iko wazi, mwenyewe ni mtoro. Ila kuna bibi kizee humo ndani. Mtazoeana."

"Tutazoeana," alisema shangazi, akanyanyua godoro jingine.